Mgonjwa Asiye na Mtu



Katika Injili ya Yohana, sura ya 5, tunakutana na mgonjwa aliyelala kando ya birika la Bethzatha, akiwa ameugua miaka 38. Yesu alipomuuliza kama anataka kuwa mzima, hakujibu ndiyo wala hapana. Alieleza shida yake: maji yakitibuliwa, hana mtu wa kumwingiza birikani, na kila akijikokota mwingine humtangulia. Tiba aliyoiamini ilikuwa hatua chache kutoka alipolala. Alichokosa ni mtu.

Sasa mfikirie mgonjwa wa Kimbiji anayepewa rufaa kwenda Muhimbili au Taasisi ya Saratani Ocean Road. Anapanda daladala hadi Kigamboni, anavuka kwa pantoni hadi Magogoni, au anazungukia Daraja la Nyerere lililozinduliwa mwaka 2016. Anafika amechoka, pamoja na ndugu mmoja aliyeacha shamba au nyavu zake. Anaelezwa mambo kwa lugha ya kitabibu, anaitikia kwa heshima, kisha anarudi nyumbani na karatasi asizojua zinasema nini. Hospitali ipo na daktari yupo. Wa kumsemea ndiye hayupo.

Aliye karibu zaidi na kazi hiyo ni muuguzi. Daktari hupita wodini na kuendelea na wengine, nesi hubaki usiku kucha. Yeye ndiye anayejua kwamba yule mama hakulala kwa maumivu, ingawa asubuhi mbele ya daktari alisema hajambo. Yeye ndiye anayewasikia ndugu wakinong'ona kwamba fedha zimekwisha, heri wamrudishe mgonjwa nyumbani kimyakimya.

Hapa kwetu huduma kwa wenye magonjwa yasiyopona huitwa tiba shufaa. Neno shufaa lina maana ya kumwombea mtu, kumsemea mbele ya mwenye uwezo. Sisi Wakristo tunalielewa jambo hilo, kwa kuwa Yohana, katika waraka wake wa kwanza, anatufundisha kwamba Kristo mwenyewe ni Mwombezi wetu kwa Baba. Basi muuguzi anayemsemea mgonjwa ameshika sehemu ya kazi ya Bwana wake.

Kazi hiyo ina sura nyingi. Cicely Saunders, aliyeanza kama muuguzi kabla ya kuwa daktari na kufungua Hospice ya St Christopher's jijini London mwaka 1967, alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa huwa ya mwili, ya moyo, ya familia na ya roho kwa wakati mmoja. Muuguzi anayemtazama mtu mzima mzima namna hiyo atamwambia daktari kwamba dawa ya maumivu haitoshi. Atakaa na familia na kuwaeleza kwa Kiswahili chepesi ugonjwa ni upi na kinachofuata ni nini. Atamuuliza mgonjwa mwenyewe anataka nini, kabla wajomba na shangazi hawajamwamulia. Atamwita mchungaji, padri au shehe, kwa kadiri mgonjwa anavyotaka. Na akimwona mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo, atampeleka kwa ofisa ustawi wa jamii, kwa sababu sera ya afya ya nchi yetu inampa msamaha wa gharama. Wangapi wamerudi nyumbani bila tiba kwa kuwa hawakulijua hilo?

Jirani zetu wa Uganda wametuonyesha muuguzi anavyoweza kupewa nguvu ya kusaidia. Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, akitumia mofini ya maji ya kunywa kupunguza maumivu. Madaktari walikuwa wachache na wagonjwa walikuwa mbali vijijini. Mwaka 2004 sheria ikaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliofunzwa tiba shufaa kuiandika dawa hiyo wenyewe. Kwa mgonjwa wa kijijini, hiyo ni tofauti kati ya kulala na kukesha akilia.

Kumsemea mgonjwa kuna gharama. Katika Kutoka, sura ya 1, wakunga Shifra na Pua waliamriwa na Farao kuwaua watoto wa kiume wa Waebrania. Walimcha Mungu, wakawaacha watoto hai, kisha wakaitwa kujieleza mbele ya mfalme. Muuguzi wa leo hakabiliwi na Farao, lakini anaweza kuonekana mjuaji kwa mkubwa wake, au mchokozi kwa ndugu wanaotaka ukweli ufichwe. Anahitaji kujua kwamba akisema kwa adabu na kwa haki, kuna watu watakaosimama naye.

Tunayajua pia malalamiko ya kauli mbaya wodini, na mgonjwa aliyetukanwa ana haki ya kulalamika. Lakini tujiulize: nesi mmoja aliyeachiwa wodi nzima usiku atawasemea wagonjwa wangapi? Anayetaka muuguzi mwenye huruma adai pia wauguzi wa kutosha, kwa diwani wake na kwa mbunge wake.

Na kanisa lina sehemu yake. Tumezoea kwenda hospitali na chungwa na sala, tukaimba, tukaondoka. Jumuiya zetu ziende mbele zaidi. Mgonjwa akipewa rufaa, jumuiya imchagulie mtu mmoja wa kwenda naye, anayejua kusoma na asiyeogopa kuuliza, na imchangie nauli. Tumkumbuke binti anayemuuguza mama yake mwezi wa tatu sasa, tumpokee hata usiku mmoja ili alale. Wala asiwepo mtumishi wa madhabahuni anayemwambia mgonjwa aache dawa ili athibitishe imani yake. Huko ni kumwondoa birikani mtu aliyekwisha kufikishwa.

Kama wewe ni muuguzi, mpendwa, na leo umetoka zamu ya usiku ukaja ibadani na macho mazito, ujue kwamba neno ulilomsemea mgonjwa saa tisa za usiku Mungu amelisikia. Na wewe mwingine, kabla Jumapili hii haijaisha, uliza katika jumuiya yako ni nani anaumwa na hana mtu. Ukitajiwa jina, usisubiri mwingine aende.

Jumapili njema.