Dhahabu ya Guinea kwenye Sarafu za Denmark

Lars Emil Bruun alitajirika kwa siagi, na fedha zake akazimimina kwenye sarafu. Alipofariki mwaka 1923 aliacha mkusanyiko wa vitu karibu 20,000, na wosia usio wa kawaida: usiuzwe kwa miaka 100, uwe akiba iwapo mkusanyiko wa kifalme wa sarafu wa Denmark ungeteketea vitani. Haukuteketea. Mnada ulianza Copenhagen Septemba 2024, na sarafu ya dhahabu ya Mfalme Hans ya mwaka 1496 ikauzwa kwa euro milioni 1.2.

Bei hiyo ilishangaza wengi. Kinachostahili kuulizwa zaidi ni dhahabu ya baadhi ya sarafu za Denmark za baadaye ilitoka wapi.

Kuanzia karne ya 17, Denmark ilifua baadhi ya dukati zake, yaani sarafu za dhahabu, kwa dhahabu iliyonunuliwa pwani ya Guinea, Afrika Magharibi. Nyingine zina picha ya Christiansborg, ngome iliyopo Osu, katika jiji la Accra la leo. Humo humo walifungiwa Waafrika kabla ya kupakiwa merikebuni kwenda utumwani ng'ambo ya Atlantiki. Marufuku ya Denmark dhidi ya biashara hiyo ya watumwa ilianza kutumika mwaka 1803 tu.

Mkusanyaji anayejua uzito, mwaka na uhaba wa dukati kama hiyo, asijue habari za Osu, ameijua nusu. Madalali wanapaswa kuiandika historia hiyo kwenye katalogi, kando ya bei. Na makumbusho ya Copenhagen yaziazime dukati hizo kwa Accra, Waghana wazione kwa macho yao.