Chunjua haina haraka, aibu ndiyo inatuunguza

Jamaa yangu mmoja wa Langas alitembea wiki nzima akitanua miguu. Tukimuuliza, jibu ni lile lile: niliumia nyonga kwenye mechi ya Jumapili. Sote tulijua Jumapili hiyo hakukuwa na mechi, mvua ilinyesha kuanzia saa sita. Siku ya nane akanipigia usiku. "Bro, kesho nisindikize hospitali. Na usiniulize kitu kwa simu."

Ukweli ulikuwa huu: aliota chunjua sehemu za siri, ndogo ndogo, kama tano hivi. Badala ya kwenda kliniki akanunua kichupa cha mafuta hapa tauni, kimeandikwa "Ayurvedic" na kuchorwa jani. Muuzaji akamwambia apake mara tatu kwa siku, na ikiwasha ajue inafanya kazi. Iliwasha. Halafu ikaunguza. Siku ya nne ngozi ikaanza kutoka, na chunjua bado ziko palepale zikimtazama.

Amenikubalia niandike haya bila jina lake. Nayaandika kwa sababu najua hayuko peke yake, na kwa sababu naona tunalaumu kitu kisicho na makosa. Miti shamba haikumuunguza huyu jamaa. Aibu ndiyo iliyompeleka kununua kitu asichokijua, kwa mtu asiyemjua, ili asiongee na anayejua.

Tuanze na chunjua yenyewe. Si uchafu, si laana, na hukuipata kwa kushika chura. Inaletwa na virusi vinavyoitwa HPV, na kuna aina zaidi ya 200. Zile za vidole na nyayo huja na aina zake. Zile za sehemu za siri mara nyingi ni aina ya 6 na ya 11, na hupita ngozi kwa ngozi. Kondomu inapunguza hatari, lakini haifuniki kila mahali.

Sasa sikiza siri ambayo muuzaji hakuambii: chunjua nyingi hupotea zenyewe. Kwa watoto, karibu theluthi mbili ya zile za kawaida huisha ndani ya miaka miwili bila dawa yoyote, mwili ukishawatambua hao virusi. Ndiyo maana kila mtu mtaani ana dawa iliyomsaidia. Mmoja alipaka kitunguu saumu, mwingine utomvu wa papai, mwingine siki ya tufaha aliyoiona TikTok. Cucu wa jirani atakuapia kwa mwarobaini. Wote wanasema ukweli kwamba chunjua iliisha. Lakini pengine ingeisha hata wangepaka maji ya Sosiani.

Hiyo haimaanishi miti ni upuzi. Ayurveda ni tiba ya Bara Hindi ya zaidi ya miaka 2,000, na serikali ya India ina wizara yake inayoisimamia. Mwarobaini tunaouita wetu ulitoka huko huko. Na kuna podofilini, dawa ambayo madaktari wamekuwa wakipaka chunjua za sehemu za siri tangu miaka ya 1940. Inatoka kwenye mizizi ya mmea wa porini Marekani, na mmea wa jamii hiyo hiyo unaota milima ya Himalaya. Ni mti shamba kabisa. Lakini ni sumu pia: ikizidi inaunguza, na mjamzito hapaswi kuiguswa nayo hata kidogo. Kwa hivyo "ni ya asili" si jibu. Swali ni kipimo gani, mahali gani, na nani anaangalia.

Muulize muuzaji wa kichupa maswali hayo uone kama atakujibu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watafiti wa Marekani walinunua dawa 70 za Ayurveda katika maduka ya eneo la Boston wakazipima. Moja kati ya tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Kama ni hivyo Boston, itakuwaje kile kichupa cha karibu na steji kisicho hata na jina la aliyekitengeneza? Hapa Kenya, Sheria ya Afya ya 2017 inaitambua tiba ya kienyeji, na Bodi ya Famasia na Sumu ina utaratibu wa kusajili dawa za mitishamba. Kabla ya kulipa, tafuta nambari ya usajili. Ukiambiwa "hii haihitaji", rudisha simu mfukoni, usitume pesa.

Mtu atasema: hospitali ni foleni, ni pesa, na nesi anaweza kukutazama vibaya. Sikatai. Kuna mahali kijana akiingia na shida ya huko chini anahubiriwa kwanza, matibabu baadaye. Wahudumu wa afya, hili ni lenu. Kila mahubiri mnayotoa pale dirishani ni mteja mnampelekea yule wa kichupa. Lakini jamaa yangu alipofika hakuchekwa. Daktari alitazama dakika mbili, akasema chunjua anaziona kila wiki, akatibu kwanza kidonda kilicholetwa na mafuta. Kuungua kulichukua muda mrefu kupona kuliko chunjua zenyewe.

Basi tufanye hivi. Ikiwa chunjua iko kidoleni na haikusumbui, una ruhusa ya kuingoja. Ukiwa na haraka, ulizia asidi ya salisiliki kwenye duka la dawa lililosajiliwa, au uende igandishwe kwa baridi kali. Ukitaka kujaribu mwarobaini wa cucu kidoleni, sawa, ila kikianza kuunguza, osha na uache. Usipake utomvu wa ile miti ya ua yenye maziwa meupe, ukiingia jichoni unaweza kukuharibia macho. Usiikate kwa wembe, na usiing'ate, utaisambaza tu.

Ikiwa iko usoni au sehemu za siri, hakuna majaribio ya nyumbani. Hata ile asidi ya salisiliki si ya huko. Nenda ukaangaliwe, maana si kila kiuvimbe ni chunjua. Mwambie na mpenzi wako, hata kama maneno yatakwama kooni. Pima na HIV, kwa sababu kinga ikishuka chunjua huwa nyingi na sugu.

Na wale wenye dada wadogo: chanjo ya HPV ilizinduliwa Mombasa Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10, na inatolewa bure. Inakinga aina ya 16 na ya 18, zinazosababisha saratani nyingi za mlango wa kizazi. Muulize mamako kama yule mdogo wenu alichanjwa. Huo ni ujumbe mmoja tu wa WhatsApp.

Mji huu unajua kushinda aibu. AMPATH ilianza hapa 2001, wakati kutaja Ukimwi kulikuwa kama kutukana. Leo watu wanakunywa dawa zao, wanaenda kazini, wanalea watoto. Hatukufika hapo kwa kunyamaza. Jamaa yangu amepona, anacheza mpira kweli sasa. Juzi mtu kwenye grupu yetu aliuliza, eti "rafiki yangu" ana vipele fulani. Jamaa ndiye aliyejibu wa kwanza: mwambie huyo rafiki yako, kesho asubuhi nitamsindikiza.