Abagusii hawakuwa Wakavirondo

Ukigusia historia Keroka, upande wa Kisii au wa Nyamira, hakosi mtu wa kudai kwamba Abagusii zamani waliitwa Wakavirondo. Ushahidi ni kipande cha babu, kile cheti cha utambulisho cha wakati wa ukoloni alichokivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati, chenye maneno “Kavirondo Kusini”.

Hilo lilikuwa jina la wilaya. Makao yake makuu yalikuwa Kisii mjini, na humo Waingereza waliwatia Abagusii, Wajaluo na Wakuria pamoja. Walipotaja watu, “Kavirondo” kwao walikuwa Wajaluo, “wa Kiniloti”, na Waluhya, “wa Kibantu”. Abagusii waliandikwa kando, kwa jina la Kisii. Mtazame G.A.S. Northcote, ofisa yule yule aliyechomwa mkuki na Otenyo, mpiganaji wa Kigusii, mwaka 1908. Mwaka mmoja kabla ya hapo alichapisha makala kuhusu Wakavirondo wa Kiniloti, yaani Wajaluo. Ikiwa mtawala aliyekaa Kisii aliweza kututofautisha, mjukuu wa Mogusii anajichanganya kwa nini?

Wengine husema Waingereza ndio waliolibuni neno hili. Sivyo. Mpelelezi Joseph Thomson alipofika Kavirondo mwishoni mwa 1883, alikuwa amevuka Umasaini pamoja na msafara wa Jumba Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani. Watu wa pwani walilitamka jina hilo kabla serikali yoyote ya kikoloni haijaliweka kwenye karatasi.

Kuna dai linaloniudhi zaidi, kwa kuwa lina dharau ndani yake: eti limetokana na “kaa virondo”, kwamba watu wa huku walikutwa wamechutama. Nani duniani hachutami? Tena Mswahili husema Ukamba na Wakamba, Umasai na Wamasai. Hiyo ndiyo desturi yake ya kutaja nchi na wenyewe, si kuwaita kwa namna walivyoketi. Hadithi ya virondo inafuata mlio wa jina tu.

Lakini nao wanaosema lilikuwa tusi tupu, ambalo hakuna Mwafrika aliyelikubali, wanakosea. Mwaka 1921 vijana waliosoma misheni waliunda chama wakakiita Young Kavirondo Association, wakapinga kodi ya nyumba na hicho hicho kipande.

Wala jina hilo halikufa na uhuru mwaka 1963. Wilaya za Kavirondo zilikwisha kubadilishwa jina kuwa Nyanza mwishoni mwa miaka ya 1940. Ghuba ya Ziwa Victoria ndiyo iliyobaki nalo kwa muda mrefu zaidi, kabla ya kuitwa Winam.