Maumivu baada ya nyongo kuondolewa: kipimo kitangulie kisu

KUONDOLEWA kwa mfuko wa nyongo hakumalizi maumivu ya kila mgonjwa. Wapo wanaorudi hospitali miezi au hata miaka baadaye wakilalamikia tumbo lile lile.

Chanzo chaweza kuwa jiwe lililosalia katika mrija wa nyongo, kipande cha mfuko kilichoachwa, au vidonda vya tumbo ambavyo kwa kawaida hutibiwa kwa dawa. Upasuaji wa matundu madogo, ambao Dk. Erich Mühe wa Ujerumani aliutumia kutoa mfuko wa nyongo mwaka 1985, huweza kuondoa kipande hicho. Jiwe la mrijani, hata hivyo, mara nyingi hutolewa kwa mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni, bila kuchanja ngozi.

Kwa mkazi wa Rubwera, wilayani Kyerwa, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ugumu ni safari. Hospitali ya rufaa ya kanda, Bugando, iko Mwanza. Nauli, malazi na siku za kazi shambani ni mzigo wa familia. Anayedai mashine za upasuaji huo kila wilaya anaanzia mwisho. Ultrasaundi na kipimo cha damu cha ini vifanyike karibu, majibu yaambatane na barua ya rufaa, mgonjwa asafiri mara moja. Mwenye macho ya manjano na homa ya kutetemeka asingoje: huenda mrija umeziba na kupata maambukizi.