Tuondoe kitu kimoja mbele moto haujawaka

Wandugu wachimbaji, mtu aliyeshuka shimo la Bisie ao la Rubaya anajua: mashine ya kusukuma hewa ikizimika, uko karibu na kufa. Kule chini oksijeni njo uzima. Lakini ndani ya tanki ya ndege, oksijeni inaweza kuleta kifo.

Moto unadai vitu vitatu: kitu cha kuungua, joto ao cheche, na oksijeni. Tanki ikibakia na kerozeni kidogo, pahali pa wazi panajaa mvuke na hewa. Tarehe 17 mwezi wa saba 1996, Boeing 747 ya TWA iliyotoka New York kwenda Paris ililipuka angani. Watu 230 walikufa, hakuna aliyepona. Uchunguzi wa Marekani ulisema tanki ya katikati njo ililipuka. Cheche ilitoka wapi? Hata leo hakuna mwenye hakika.

Lakini hawakungojea kuijua. Waliondoa oksijeni. Hewa inayotoka kwenye mota inapita katika chujio, oksijeni nyingi inabakia inje, na azoti inasukumwa katika tanki. Hewa tunayopumua iko na oksijeni karibu 21 kwa mia. Ikishuka chini ya 12 kwa mia, mvuke ule haulipuke. Makampuni yalilalamikia bei, na sheria ilitoka mwezi wa saba 2008 tu, miaka 12 kisha ile ajali.

Mwaka uleule wa 2008, tarehe 15 mwezi wa ine, DC-9 ya Hewa Bora ilishindwa kuruka hapa Goma. Pisti ilikuwa imekatwa na lava ya Nyiragongo ya 2002. Ndege ikapita mwisho, ikaingia katika nyumba na soko la Birere, ikaungua. Wengi waliokufa hawakuwa hata abiria. Tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 2019, Dornier ya Busy Bee ikaangukia Mapendo.

Je, azoti ingeokoa watu wa Birere? Hapana. Tanki ikipasuka chini, kerozeni inamwangika na hewa ya inje inatosha kuiwasha. Tena sheria ile ni ya ndege kubwa za abiria. Haigusi ndege ndogo, kama zile zilizokuwa zinatua barabarani Kilambo, kule Walikale, kubeba kasiterite.

Basi wengine watasema: hayo ni mambo ya wazungu. Mimi nakataa. Sisi kila ajali tunatafuta cheche: ni piloti, ni mota, ni mvua. Kisha maziko tunasahau, na vile vitatu vinabakia pamoja. Kwetu vinaitwa uzito kupita kiasi, bidoni za esansi kando ya abiria, na nyumba zilizojengwa mpaka mwisho wa pisti.

Uwanja wa Goma ulifungwa mwezi wa kwanza 2025. Kuufungua kusiwe kurudilia desturi ya zamani. Leta iache pahali pa wazi mwisho wa pisti. PDG na negosianti wanaokodi ndege wapime magunia kwa kilo, si kwa macho. Na wewe mama, mtoto wako akiambiwa akae juu ya mzigo, karibu na bidoni, umwambie ashuke. Safari ya kesho iko.