Tusimfukuze Bawabu, Mwizi wa Leo Havunji Kioo

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wanafunzi wenzangu na walimu wetu wapendwa, kwa miaka kadhaa tumekuwa tukisikia ati kuna wezi wanaoiba gari bila ufunguo, bila kuvunja kioo na bila hata mbwa kubweka. Wengi wetu tulicheka, tukadhani ni hekaya za vijiweni. Kumbe si hekaya! Wizi huo una maelezo yake ya kisayansi, na mengine tumeyasoma hapa hapa darasani. Leo nina mambo mawili ya kusema. La kwanza, kinga ya wizi huu si ghali, na mzazi wa kawaida wa hapa Mwihoko anaiweza. La pili, tusipoufahamu wizi wenyewe tutaendelea kuwaadhibu mabawabu kwa makosa ambayo huenda si yao.

Hebu kwanza tutazame magari yetu. Simama asubuhi kando ya barabara inayotoka Mwihoko kwenda Githurai uyahesabu. Utaona Vitz, Demio, Note, Fit na Axio, mengi yakiwa ni mitumba kutoka Japani yaliyoshushwa Mombasa. Sheria yetu hairuhusu kuingiza nchini gari lililozidi miaka 8. Maana yake ni kwamba kila mwaka magari yanayoingia ni mapya kuliko ya mwaka uliotangulia, na yale ya ufunguo wa chuma wa kuzungusha yanazidi kupungua. Siku hizi mwenye gari anatembea na rimoti mfukoni. Akikaribia, mlango unakubali kufunguka. Akiketi, anabonyeza kitufe na injini inanguruma. Raha iliyoje!

Tena tusidhani haya ni mambo ya matajiri wa Muthaiga. Katika mtaa wetu gari ni jembe. Kuna wazazi wanaoendesha teksi za kuitwa kwa simu usiku kucha, na asubuhi wanalala huku sisi tukija shuleni. Gari hilo ndilo karo, ndilo kodi ya nyumba na ndilo mkopo wa chama ambao haujaisha kulipwa. Likitoweka usiku mmoja, kuna mwenzetu ambaye muhula ujao hatutamwona.

Sasa wizi wenyewe uko namna gani? Nitaueleza kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni ya kurefusha mawimbi. Gari la rimoti huita kwa mawimbi dhaifu ya redio yanayofika mita moja au mbili tu. Ni kama linauliza, "Mwenyewe yupo?" Ufunguo ukisikia, hujibu kwa mawimbi yenye nguvu zaidi, "Nipo." Gari halipimi umbali wa ufunguo. Linachojua ni kwamba limejibiwa. Basi wezi huja wawili. Mmoja husimama karibu na gari, na mwingine karibu na mlango au dirisha la nyumba, kila mmoja na chombo chake. Chombo kimoja hubeba swali la gari hadi kwa ufunguo ulioangikwa ukutani, na jibu likarudi kwa gari. Gari hudanganyika kwamba mwenyewe amesimama kando yake. Mlango hufunguka na injini huwaka. Likishaondoka halizimiki njiani kwa kukosa ufunguo, maana watengenezaji waliogopa kuzima injini ya mtu katikati ya barabara kuu.

Msiseme nimeokota porojo. Mwaka wa 2011 watafiti watatu wa chuo kikuu cha ETH cha Zurich, Uswisi, walitoa matokeo ya jaribio lao. Walijaribu aina 10 za magari kutoka kwa watengenezaji 8, na yote yalikubali kudanganywa kwa njia hiyo.

Njia ya pili ni ya kuziba. Hii haihitaji ujuzi mkubwa. Mwenye gari anaegesha mbele ya supamaketi kando ya barabara kuu ya Thika, anabonyeza rimoti bila kugeuka nyuma, na anaenda zake. Karibu naye kuna mtu mwenye chombo kinachopiga kelele za mawimbi, hivyo ujumbe wa rimoti haufiki. Gari limebaki wazi. Mwizi anafungua mlango polepole kama mwenyewe, anachukua mkoba na kipakatalishi, kisha anafunga mlango kwa adabu.

Njia ya tatu ni ya kuingia katika mishipa ya gari. Magari ya kisasa yana kompyuta nyingi zinazozungumza kupitia nyaya, na baadhi ya nyaya hizo hufika hadi kwenye taa za mbele. Mwizi huivuta bampa, akaichomoa taa, akaunganisha chombo chake na kuliambia gari, "Ufunguo umekubaliwa, fungua." Mnamo Julai 2022 Ian Tabor wa London, ambaye kazi yake ni usalama wa kompyuta za magari, aliibiwa Toyota RAV4 yake. Kabla ya siku hiyo alikuwa amekuta bampa imevutwa na nyaya za taa zimechomolewa, akadhani ni utundu tu wa wapita njia. Yeye na mwenzake Ken Tindell walichunguza, na mwaka wa 2023 ikatangazwa wazi jinsi chombo hicho kinavyofanya kazi. Kilikuwa kimefichwa ndani ya kasha la spika ndogo ya muziki! Huko Japani nako, tunakonunua magari yetu, polisi wamekuwa wakiwaonya wenye Land Cruiser na Lexus juu ya wizi wa namna hiyo. Karibu na njia hii kuna ile ya tundu lililo chini ya usukani, ambalo fundi hulitumia kuchomeka mashine ya kulisoma gari. Mwizi akishaingia ndani anaweza kulitumia tundu hilo kulifundisha gari ufunguo mwingine.

Mtauliza, "London na Mwihoko wapi na wapi?" Jamani, bahari haitengi, bahari huunganisha. Mwaka wa 2015 wakuu wa Uingereza walieleza habari za gari la Lexus lililoibwa kwao. Lilikuwa na kifaa cha kulifuatilia, nacho kikaonyesha kwamba lilipita bandari ya Mombasa likafika Kampala, Uganda. Huko yakapatikana na mengine yaliyoibwa Uingereza. Ikiwa gari la wizi linajua njia ya kuja Afrika Mashariki, je, chombo kidogo cha kuibia kinachotosha mfukoni kitashindwa?

Hapo ndipo ninapofika kwa bawabu. Katika ploti moja jirani na kwetu, mwalimu mmoja aliamka akakuta gari lake li wazi. Kioo hakikuvunjwa na kitasa hakikukwaruzwa, lakini kipakatalishi na gurudumu la akiba havikuwapo. Ukaitishwa mkutano getini. Hoja ikawa moja tu: "Hakuna kilichovunjwa, kwa hivyo aliyefungua ni mtu wa ndani, na mtu wa ndani ni soja." Yule mzee alifukuzwa siku hiyo hiyo, na mshahara wa mwezi ukashikwa. Alikuwa akilinda geti hilo tangu mimi nikiwa shule ya msingi.

Mimi sisemi kwamba najua nani aliyeiba. Sikuwapo. Ninachosema ni kwamba ushahidi aliohukumiwa nao si ushahidi. Zamani mlango uliofunguliwa bila kuvunjwa ulikuwa unamwelekezea kidole mwenye ufunguo. Leo unaweza kuwa umefunguliwa na mtu aliye nje ya ukuta, tena aliyevaa suti. Hata mwenye gari anaweza kupatwa na msukosuko huo huo. Atakwenda kudai bima, naye ataulizwa, "Mbona hakuna alama ya kuvunjwa? Si uliacha wazi?" Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Basi tufanyeje? Tahadhari kabla ya hatari. Haya ndiyo ninayopendekeza, na karibu yote hayafikii bei ya gurudumu moja.

Kwanza, tuufiche ufunguo ndani ya chuma. Mwanasayansi Michael Faraday alionyesha mwaka wa 1836 kwamba umeme wa nje haupenyi ndani ya kizimba cha chuma. Mawimbi ya redio nayo huzuiwa na chuma kinachokizunguka kitu pande zote. Kwa hiyo ukifika nyumbani usiuangike ufunguo karibu na mlango. Uweke ndani ya mkebe wa biskuti wa bati au sufuria ndogo yenye mfuniko wa chuma. Mfuniko wa kioo haufai. Kisha ujaribu: uchukue mkebe ufunguo ukiwa ndani, usimame kando ya gari, uvute mlango. Ukifunguka, tafuta mkebe mwingine. Na usisahau ufunguo wa pili uliosahauliwa kabatini, maana nao hujibu ukiitwa.

Pili, baadhi ya funguo zinaweza kulazwa. Katika rimoti nyingi za Toyota, ukishikilia kitufe cha kufunga huku ukibonyeza cha kufungua mara mbili, ufunguo hulala usijibu mtu. Taabu ni kwamba kitabu cha maelezo kilichokuja na gari kimeandikwa Kijapani, na wazazi wetu wamekitia uvunguni. Hapa sisi vijana tunaweza kusaidia kwa kuwatafutia maelezo yanayosomeka.

Tatu, usibonyeze rimoti ukiwa umelipa gari kisogo. Tazama taa zikimulika na usikie mlango ukilia "kwacha". Ukiwa na mtoto, mwambie yeye avute mlango, kwa kuwa wewe ukivuta na ufunguo uko mfukoni, gari linaweza kukufungulia kwa heshima.

Nne, turudie chuma cha kale. Kile chuma cha kufungia usukani tulichokicheka kuwa cha wazee hakina mawimbi wala kompyuta. Mwizi atahitaji msumeno, na msumeno una kelele. Kelele ndiyo anayoingoja bawabu. Pamoja na hicho, fundi wa waya anayeaminika anaweza kuweka swichi ya siri inayokata pampu ya mafuta. Hiyo hukinga hata dhidi ya wezi wa njia ya tatu, ambao mkebe wa biskuti hauwazuii. Kifaa cha kufuatilia gari ni kizuri pia, lakini wapo wezi wenye vyombo vya kukiziba, kwa hivyo kisiwe kinga ya pekee.

Tano, ukikuta bampa imelegea au taa imechezewa, usiseme ni watoto wa ploti. Mwambie bawabu na majirani usiku huo huo. Na ukinunua gari, dai funguo zote mbili. Kama mwuzaji ana moja tu, lipa fundi afute ile isiyojulikana iliko katika kompyuta ya gari.

Najua wapo watakaonipinga. Wengine watasema kuandika haya ni kuwafundisha wezi. Ndugu zangu, mwizi alikwisha kuhitimu zamani. Tuliobaki darasani ni sisi. Wengine watasema mzigo huu si wa mwenye gari bali wa mtengenezaji. Hao nawaunga mkono. Haifai mtu auziwe mlango kisha aambiwe atafute mkebe wa kuulinda. Na dawa ipo: kuna magari mapya ambayo hupima muda wa safari ya mawimbi ili kujua ufunguo uko umbali gani hasa, na kuna funguo zinazojilaza zenyewe zisipotikiswa. Tangu 2018 Tesla imewapa wenye magari yake namba ya siri ya kuandika kabla ya kuondoka. Mnamo Februari 2025 serikali ya Uingereza nayo ilipeleka bungeni mswada wa kupiga marufuku vyombo hivi vya wizi, na kifungo cha hadi miaka 5. Wabunge wetu wana la kujifunza hapo. Lakini gari la mitumba la mwaka 2018 lililoegeshwa Mwihoko usiku wa leo halitangoja bunge wala kiwanda. Litangoja mkebe.

Na kwa wenye ploti nina ombi moja. Likitokea la kutokea, mwacheni mpelelezi afanye kazi yake kabla ya kumtoa mzee wa watu getini. Mwonyesheni bawabu jinsi wizi huu ulivyo: watu wawili usiku, mmoja akizungukazunguka gari na mwingine akijipitisha karibu na mlango wa nyumba akiwa na mkoba. Akijua la kutazama atalitazama. Huwezi kumlaumu mtu kwa kutoliona jambo ambalo hata wewe mwenye gari hukulijua.

Jina la mtaa wetu, Mwihoko, kwa Kikuyu ni tumaini. Tumaini ni jema, lakini halifungi mlango. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa wenyewe unazibwa kwa mkebe wa biskuti. Naiweka kalamu chini.

Mwanachama, Kidato cha 4