Mchango wa Wasikilizaji Si Ombaomba

Wapo miongoni mwetu, walimu wa Kiswahili, wanaoshikilia kwamba mwanamuziki akiwaomba wasikilizaji wake fedha za kurekodia amejishusha hadhi na kuwa mwombaji. Husema hayo kama watu wanaolinda heshima ya sanaa. Mimi naona wanalinda heshima ya makampuni.

Na tuuchukue mfano ambao wao wenyewe hupenda kuukejeli. Mwaka 2012 mwimbaji wa roki wa Marekani, Amanda Palmer, aliyekuwa amekwisha achana na kampuni yake ya sahani, aliwaomba wapenzi wa muziki wake wamchangie dola 100,000 ili atoe albamu. Kwa muda wa mwezi mmoja watu 24,883 walitoa karibu dola 1,200,000, na albamu hiyo, Theatre Is Evil, ikatoka Septemba ya mwaka huohuo. Je, huko ni kuomba? Ombaomba hupokea asirudishe kitu. Huyu aliuza kazi kabla haijafanywa, kama fundi cherehani apokeavyo arubuni ya kanzu.

Tena jambo hili si geni pwani. Mpenzi wa taarabu ainukaye na noti mkononi kwenda kumtuza mwimbaji, huulipia wimbo mbele ya macho ya watu wote. Akina mama wa tufo, toka Ilha de Moçambique hadi pwani ya Cabo Delgado, huchangiana wapate kapulana za sare. Ila fedha zetu hulipia usiku mmoja tu. Kukikucha hakuna kilichobaki. Sauti ya Siti binti Saad tunayo kwa sababu mwaka 1928 kampuni ya santuri iliona biashara, ikamrekodi Bombay. Ni kampuni gani leo itakayoona biashara katika nyimbo za Kimakwe na Kimakonde za upande wa Nhica do Rovuma?

Siulizi kwa mzaha. Baada ya mji wa Palma kushambuliwa Machi 2021, watu wa wilaya hiyo walitawanyika kwa maelfu, na ngoma zikatawanyika pamoja nao. Kiongozi wa wimbo akiwa Mueda na mpigaji wake akiwa Pemba, wimbo hauko popote. Wanaotushauri tuisubiri wizara, au hisani ya miradi ya gesi ya Afungi, wanatushauri tusubiri mpaka wazee wazikwe.

Sitaficha doa la mfano wangu. Palmer huyohuyo, pamoja na fedha zote zile, aliwaalika wanamuziki wa miji aliyoipitia wapige naye jukwaani kwa malipo ya bia na kukumbatiwa. Wanamuziki wenzake walimkemea vikali, hata akabadili shauri na kuwalipa. Wapinzani wangu hulishangilia kosa hilo, lakini kosa lilikuwa kutolipa, halikuwa kuchangisha. Na sisi tusijione watakatifu: ni mara ngapi shule zimewaita wapiga ngoma katika sherehe, wakapiga mchana kutwa, kisha wakapewa wali na soda?

Kwa hiyo natoa shauri langu waziwazi, na anayelipinga alipinge kwa hoja. Chama chetu kianze na nyimbo za Nhica. Kila mwalimu atoe kidogo, shilingi kwa walio Tanzania na metikali kwa walio ng'ambo ya Mto Ruvuma, nasi tuwakusanye waimbaji popote walipo, tuwarekodi, na kila mchangiaji apate nakala yake. Nyimbo zibaki mali ya waimbaji. Maneno yake tuyaandike kama yaimbwavyo, bila kuyasanifisha. Najua wako watakaowashwa vidole kuyasahihisha. Daftari la michango lifunguliwe katika mkutano ujao, na ukurasa wake wa kwanza uandikwe malipo ya kila mwimbaji na kila mpigaji. Majina yetu sisi wachangiaji yataanza ukurasa wa pili.